Stara Waliyoitaka Bibi Zetu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii tukae na aya mbili za Sura An-Nur. Ya 31, inayowaamrisha waumini wanawake waangushe shungi zao vifuani, sote twaijua. Husomwa kwenye darsa, na wapo wanaoisoma barazani mtoto wa watu akipita. Ya 30, iliyoitangulia, haina wasomaji wengi. Humo Mwenyezi Mungu anaanza na sisi wanaume: tuinamishe macho yetu, tuzilinde tupu zetu.

Naamini stara ni amri ya Mola, wala siipunguzi. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufunza, kwa mapokezi ya Sayyidna Umar, kwamba amali ni kwa nia. Binti anayejifunika kwa kuogopa mkono wa kaka yake, nia yake ni ipi? Wengine boti haijafika Dar es Salaam, mtandio umeshaingia mkobani. Tunamlaumu yeye. Mimi nawauliza waliomlea: mlimfunza kumcha nani?

Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa aya ile iliposhuka, wanawake wa Muhajirina, waliohama Makka kwenda Madina, walipasua shuka zao wakajitanda. Hakupita askari mlangoni. Imani ilishaingia, nguo ikafuata.

Nasi Unguja tunao ushahidi wetu. Zama za utumwa, mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kichwa. Stara ilikuwa ya waungwana. Kichwa wazi kilikuwa alama kwamba mwili ule una mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897 (masuria waliachwa wangoje hadi 1909, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka), wanawake waliokuwa watumwa, wengi wao wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, walijitanda kanga, na baadaye wakavaa buibui. Walijifunika kwa sababu sasa hapakuwa na bwana wa kuwakataza. Huo ndio uungwana wao, wameuchukua kwa mikono yao wenyewe. Vipi leo mjukuu wao avishwe kwa fimbo, kama kwamba bado ana bwana?

Ufaransa ilipopiga marufuku mitandio katika skuli za serikali mwaka 2004, tulikasirika, na haki ilikuwa yetu. Iran nayo tangu 1983 sheria yake inamwadhibu mwanamke anayetoka kichwa wazi, na hapo wengi wetu hunyamaza. Kote huko dola imejitia baina ya mwanamke na Mola wake.

Wazazi, wafunzeni mabinti mapema, kwa upole. Mtoto akiuliza "kwa nini nivae?", mjibuni, msimkaripie, swali hilo ni mlango wa nia. Na akichelewa, muombeeni dua, mwendelee kumpenda.

Nasi wa barazani, kabla ya Ijumaa ijayo tuihifadhi aya ya 30, kisha tuifanyie kazi palepale tulipokaa.