Mikono sita kwa mtoto mmoja

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, Lubumbashi ikiwa katikati ya kiangazi: asubuhi baridi ya kuvaa sweta, kisha kuanzia saa nne upepo wa vumbi jekundu. Kwenye uwanja wetu watoto wenye ulemavu hupandishwa farasi kama tiba, na vijana waliozoea kutembea ubavuni mwa farasi hawakufika, walikuwa na mitihani. Watoto wanne walikwisha kuvalishwa kofia ngumu. Wazazi wao walikaa chini ya mwembe, kila mmoja na kona yake, kama watu wanaongoja kuitwa hospitalini.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapandishwi bila watu wazima watatu: mmoja mbele na kamba, wawili ubavuni, kushoto na kulia. Siku hiyo tulikuwa na mshika kamba, na kinezi, mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye kazi yake ni kutazama mgongo wa mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Ama tuwarudishe watoto kwao, mitaa ya Katuba na Ruashi, ama wazazi waingie uwanjani.

Waliingia, kwa sharti moja: hakuna kutembea na mtoto wako mwenyewe. Baba mmoja alikasirika, na tulimwelewa. Lakini mtoto akimwona mzazi wake ubavuni humwinamia, na akishainama faida yote imepotea. Farasi anapotembea taratibu, mgongo wake husukuma nyonga za mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuzizungusha kidogo, karibu sawa na zinavyokwenda nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua anaupata mwendo huo akiwa amekaa, lakini sharti akae katikati.

Tukaanza na miguu na nguo. Kandambili hapana: kwato ikikanyaga kidole, kidole kimekwisha. Kikwembe kifungwe mpaka ncha isining'inie. Halafu mkanda wa tumbo la farasi. Farasi hujaza tumbo anapofungwa mara ya kwanza, kwa hiyo unafunga, unamzungusha mzunguko mmoja, unakaza tena. Usipokaza, blanketi na mkanda vitageukia upande mmoja pamoja na mtoto. Mshika kamba anaikunja kamba mkononi, haizungushi kwenye kiganja hata mara moja, maana farasi akikimbia atakwenda na vidole.

Wa ubavuni analaza mkono wake juu ya paja la mtoto na kushika kishikio cha mkanda kwa mbele. Haminyi. Mapaja ya watoto hawa yamekakamaa tayari, na ukiyabana yanazidi kukakamaa. Hata kumtanua miguu kwa nguvu wakati wa kumkalisha ni kosa. Mkalishe, farasi asimame kidogo, joto la mwili wake na hatua za polepole zitayalegeza.

Kati ya mama wale alikuwapo mmoja ambaye binti yake, mwenye hali ya Down (ya kuzaliwa nayo), hakuwa amepanda hata siku moja. Baadhi ya watoto hao wana ulegevu kwenye kiungo cha pingili mbili za juu za shingo, na mtikisiko unaweza kuumiza uti wa mgongo. Tulimwomba picha ya eksirei ya shingo kwanza, na pesa ya picha haijapatikana. Tulidhani hatakuja tena. Kumbe alikuja, binti akashika brashi na kumsugua farasi shingoni, na mama akasimama upande wa kulia wa mvulana wa mzazi mwingine wa mwembeni, mtoto ambaye mama huyo hakuwa akijua hata jina lake.

Mzunguko wa tatu, upepo uliinua kikwembe cha mtu aliyekaa pembeni. Farasi akaruka hatua moja kwenda kushoto, mvulana akateleza kulia. Wa kushoto alifanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya: akamvuta shati. Wawili wakivutana, mtoto anapinda kama kitambaa kinachokamuliwa. "Acha shati, papa! Mkono pajani!" Mama yule wa kulia hakuvuta. Aliweka kiganja chini ya mbavu, akasukuma juu; wa kushoto akalikandamiza paja la mvulana chini; mshika kamba akasimamisha farasi na kubaki kichwani pake, maana akiacha kichwa kwenda kumsaidia mtoto, farasi anakuwa hana mtu. Mvulana akarudi katikati. Akacheka, akataka tena.

Tulipumzisha farasi baada ya mtoto wa pili. Kila mtoto hukaa dakika 20, na mgongo wa farasi mzee nao una haki yake. Chini ya mwembe kona zilikuwa zimevunjika. Yule baba aliyekasirika alikuwa akiuliza picha ya shingo ni franka ngapi, na mama wa mapacha akataja likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, zamu ya kwanza apewe mama wa binti mwenye Down.

Mtoto wa nne alikuwa mzito, na mkono wa mama yule wa kulia ulianza kutetemeka. Tulikuwa tumewafundisha: ukichoka usinyamaze, sema, farasi asimame, na abadilishwe mtu mmoja tu kwa mara moja. Akasema. Mama wa mapacha akaja kwa nyuma yake, akalaza mkono wake juu ya mkono wa mwenzake pajani mwa mtoto, akashika kishikio.

"Nimemshika, yaya, dada yangu. Toa wako."

Ndipo akautoa.