Siku moja maishani mwangu: afisa mipangomiji mpakani mwa Jiji la Mbeya

Saa 12 asubuhi

Nje ukungu mtupu, hata Mlima Loleza hauonekani. Baridi ya Julai Mbeya haizoeleki. Navaa sweta, koti juu yake, ndipo nashika chai. Kwenye simu kuna ujumbe wa mpimaji mwenzetu wa upande wa Jiji: "Dada, njoo na faili la mchoro wenyewe, usije na picha." Faili liko kwenye flashi tangu jana jioni.

Nimeajiriwa wilayani, naishi mjini. Hapa hilo si ajabu. Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya imelizunguka Jiji kwa sehemu kubwa, na watu huvuka mpaka kila asubuhi bila hata kujua wamevuka. Anayelala Mbalizi, wilayani, anauza nguo Mwanjelwa, jijini. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, uko wilayani, nao ndio uwanja wa watu wa mjini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Walioongezeka wanatafuta pa kujenga, na viwanja vya bei nafuu vimebaki pembezoni, yaani kwetu.

Saa 1 na nusu

Daladala ya Mbalizi, imejaa. Nje malori ya Tunduma yamepangana, bodaboda zinapenya katikati yake. Barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, inaanzia jijini na kuishia wilayani. Barabara kuu ina mwenye nayo mmoja, kwa hiyo inavuka mpaka bila shida: hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, Sheria ya Barabara ya 2007 imeshasema. Zinazonikosesha usingizi ni barabara za mitaa. Hizo kila halmashauri huchora za kwake.

Saa 3

Kikao cha wataalamu wa pande mbili, kuoanisha michoro ya mipangomiji ya mpakani: wapimaji, mipangomiji, mtu wa mazingira, mtu wa maji. Hakuna hotuba. Tunafungua kompyuta mbili, mchoro wao na wetu, tunaiweka kwenye skrini moja.

Haiungani. Barabara yao ya mita 20 inafika mpakani, upande wetu hakuna kitu, halafu takriban mita 300 pembeni ndipo barabara yetu inapoanza. Kijana mmoja mgeni kazini akashtuka. Mpimaji wa Jiji akatabasamu tu, akauliza mchoro wetu umetumia mfumo gani wa majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha nukta iko wapi ardhini. Ni wa zamani, Arc 1960. Wao wanatumia TAREF11, mfumo mpya wa taifa. Nukta ile ile ardhini ina namba tofauti katika mifumo hii miwili, na hizo mita 300 zilikuwa za kwenye karatasi tu. Tukabadilisha, mchoro ukasogea, barabara nyingi zikakutana.

Moja ikagoma. Hii haikuwa hesabu. Barabara ya mita 20 kutoka jijini inaingia moja kwa moja katikati ya viwanja vya makazi upande wetu, na viwili kati ya hivyo vimeshajengwa. Aliyechora upande mmoja hakuwa na karatasi ya upande wa pili.

Tulikaa na barabara hiyo zaidi ya saa nzima. Kuikata mpakani maana yake gari la zimamoto lizunguke hadi barabara kuu, lisubiri nyuma ya malori. Kuinyoosha maana yake kubomoa, na sheria za ardhi zinadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hakuna aliyekuwa na fungu hilo. Mwishowe mwenzetu wa Jiji akapendekeza ipinde kabla ya mpaka, ipite kwenye eneo lao la wazi ambalo bado halijagawiwa, ije kukutana na njia yetu ya mita 12, nasi tuipanue kwa kuchukua ukanda ambao haujapimwa. Wao wanapoteza kipande cha eneo la wazi. Nililiona hilo kuwa jambo kubwa, na nikalisema mbele ya wote. Mwenzetu huyo angeweza kushikilia mstari wake na sheria isingemgusa.

Saa 6 mchana

Wali, maharage na parachichi, haraka haraka, kisha gari la halmashauri hadi kijijini.

Saa 7 na nusu

Mpaka wenyewe ni kijito. Mwenyekiti wa kijiji anatuongoza kwenye bikoni: nguzo fupi ya zege, chuma katikati, namba zimeanza kufutika, imezungukwa na mabua ya mahindi yaliyovunwa. Mwenye shamba, mzee wa Kisafwa, amesimama pembeni na fimbo yake. Namwamkia shikamoo, ananiitikia, kisha anauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kikaoni.

"Mwanangu, ng'ombe wangu wanalala huku, wanakunywa kule. Barabara yenu ikipita, wanywe wapi?"

Kwenye mchoro wowote kati ya ile miwili hakuna njia ya mifugo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji vinavyotumia malisho au maji kwa pamoja kuandikiana makubaliano ya pamoja. Lakini ng'ambo ya kijito hiki si kijiji tena, ni mtaa wa Jiji. Hakuna mkutano mkuu wa kijiji wa kukaa nao. Ndiyo maana nasema halmashauri zenyewe lazima zikae. Mzee huyu hana mlango mwingine wa kubisha.

Mtu wa mazingira anaonyesha kingo. Chupa na mifuko vimenasa kwenye mizizi, vimeshuka na mvua za masika kutoka juu, kulikojengwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Upande mmoja ukiziheshimu na mwingine ukalima hadi majini, ukingo unabomoka pande zote. Maji haya yanaenda mto Songwe, kisha Ziwa Rukwa. Ukipanda milima ya Uporoto, mteremko mmoja unapeleka maji mto Kiwira na Ziwa Nyasa, mwingine bonde la Usangu hadi mto Ruaha Mkuu. Nchi yetu hii ya nyanda za juu inagawa maji kwa mabonde matatu. Mchoro wa kiwanja kimoja hapa una majirani wengi kuliko unavyoonyesha.

Tukapima upana wa njia ya ng'ombe kwa mguu, mzee akituonyesha, kijana wetu akichukua nukta kwa GPS. Mzee akatuaga: "Ndaga," yaani asante.

Saa 10 jioni

Ofisini. Mjadala wa mwisho: eneo la kituo cha mabasi madogo likae upande gani. Hatukuafikiana. Kila upande unataka ushuru wake, na hilo ni la madiwani na wakurugenzi, si letu. Tumeandika hoja zote mbili bila kupindisha.

Saa 12 jioni

Naandika muhtasari. Mambo matatu yamefungwa: michoro yote ihamishiwe TAREF11, barabara ipinde, mita 60 zichorwe pande zote mbili kwa rangi moja. Njia ya mifugo imeingia kama rasimu. Nakala moja ni ya ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa, moja ya Jiji, moja ya mwenyekiti wa kijiji, na hiyo ya mwenyekiti nimeichapa kwa herufi kubwa kwa sababu itasomwa kwa sauti mkutanoni. Nimemwomba mkutano asiuweke siku ya soko, ili kina mama wawepo. Wao ndio wanaochota maji pale kijitoni kila siku.