Mtoko wa ofisi Tanga, mvua mwanzo mwisho, na tulivyoiokoa siku

Ofisini kwetu hapa Tanga mtoko wa wafanyakazi hua unasubiriwa sana, na safari hii kuratibu nilipewa mie. Mpango ulikua tuvuke na boti kutoka Raskazone kwenda kisiwa cha Toten, tuone makaburi ya kale na magofu ya msikiti alafu tuchome samaki. Tarehe walipanga wakubwa, mwezi wa tano, na anayeijua Tanga anajua mwezi wa tano masika imekolea na upepo wa kusi ushaingia.

Asubuhi nikawahi ufukweni kabla ya wenzangu. Mvua ile ya kutwa, haina fujo ila haikati, na ngalawa zinagongana zilipofungwa. Nikamuamkia mzee mwenye boti, akaitikia marahaba akaniambia mwanangu kwenda mtafika, kurudi ndo kuna kazi. Nikafuta safari ya boti palepale. Bosi nikampigia, yeye alitaka tusubiri mpaka saa nne labda itakata, nikamwambia bosi watu wakilowa masaa mawili bila kufanya kitu hata jua likitoka hawana hamu tena, bora twende Amboni mapangoni. Akakubali.

Kilichotubeba kiukweli ni ndoo. Jana yake nilipita soko la Mgandini nikachukua ndoo za lita 20 zenye mifuniko, kila idara na ndoo yake, humo nguo kavu, simu na pochi, mfuniko unagongwa na ngumi pande zote mpaka ukae, hata ikae mvuani kutwa maji hayaingii. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2019, na hii mbadala mvuani inapitisha maji. Alafu niliwaomba kina dada kila mtu aje na doti nzima ya kanga, zikawa pazia la kubadilishia nguo nyuma ya Coaster.

Amboni sio mbali, kama kilomita 8 njia ya Horohoro, ila ukiacha lami ni tope tupu. Dereva akagoma kuingia mpaka mwisho na alikua na haki, gari ikinasa pale tunalala. Kabla ya kushuka nikapita siti moja moja nauliza kwa sauti ya chini nani hajisikii, maana mbele za watu hakuna atakayesema. Dada mmoja mjamzito na mzee wetu wa stoo, goti linamsumbua, wakabaki na chupa za chai ya tangawizi, na kijana mmoja mcheshi nikamuomba akae nao wasijione wametengwa. Hili kwangu ndo lilikua kubwa kuliko hata pango lenyewe.

Pangoni sasa! Nje mvua, ndani giza na popo wanalia juu. Muongozaji akatueleza mapango yako kumi ila wageni wanaingizwa moja tu, na lile ni jiwe la chokaa, yale mawe yanayoning'inia yametengenezwa na maji ya mvua hayahaya yanayopenya juu tone kwa tone miaka na miaka. Nikamulika tochi nikaona tone limeshika kwenye ncha ya jiwe, linatetemeka, halidondoki. Mbele njia ikawa nyembamba na utelezi, lazima ujipinde, bosi akanasa mabega na kijana wetu wa usafi akamvuta mkono mpaka akatokea upande wa pili, wakacheka wote wawili, na hawa ofisini salamu yao ni ya mlangoni tu. Pale watu wanapoweka matambiko tukapita kimyakimya kwa heshima.

Chakula mama mmoja wa Ngamiani alitupikia, samaki wa nazi na ugali wa moto, watu wamekaa na kanga mabegani wanakula hawaongei.

Jumatatu nikapeleka maombi mtoko ujao uwe mwezi wa kwanza kabla masika haijaanza, na ndoo ziingizwe kwenye bajeti. Bosi kashasaini.