Siku moja ya fundi simu

Saa 12:10 asubuhi. Nimemkuta mwanangu mkubwa amelala fofofo, simu iko chini ya mto, chaja imechomekwa. Nilipoigusa ilikuwa na joto la pasi iliyozimwa muda si mrefu. Nimeichomoa, nikamtikisa bega. "Baba, ilikuwa imebaki asilimia tatu tu!" Simu inayochaji lazima itoe joto, na joto linataka pa kupitia. Chini ya mto halina njia, na betri ya lithiamu haina adui mkubwa kuliko joto.

Saa 2. Nafungua kibanda. Kabla ya bisibisi natoa ndoo ya mchanga mkavu, naiweka pale mkono unapofika. Wateja wengine hudhani ni ya kutemea mate.

Saa 3:20. Mama mmoja ameleta simu iliyofungwa mipira miwili katikati. "Fundi, skrini imeachia gundi tu, nibandikie niende." Nilipoondoa mipira, skrini ilijiinua yenyewe kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Chini yake betri imetuna.

"Mama, hii si gundi. Umeitumia hivi tangu lini?"

"Kama miezi miwili, mwanangu."

Miezi miwili, na usiku anaichajia kitandani! Nikamwonyesha. Ndani ya betri kuna tabaka za chanya na hasi zilizotengwa na utando mwembamba kuliko unywele. Betri ikizeeka au ikizoea kuchajiwa kwenye joto, kimiminika chake huharibika na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoivimbisha. Ile mipira ilikuwa inaukandamiza ule utando. Ukitoboka, chanya na hasi zinagusana, na moto wake huzuka kwa sekunde.

Nimezima simu, nimevaa miwani, kisha nikapitisha uzi wa nailoni chini ya betri, kidogo kidogo, kulegeza gundi. Chuma hakisogei hapo. Pua nayo ilikuwa kazini: ningesikia harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ningejua imevuja, na ningekuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Haikunuka. Nimefunika ncha zake kwa utepe wa umeme na kuizika kwenye kopo la mchanga nje, ikisubiri wanaokusanya taka za elektroniki. Shati langu lilikuwa limelowa mgongoni.

Saa 7 mchana. Kijana ana chaja inayompiga shoti. Ni nyepesi kama kiberiti kitupu. Ndani, upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 5 unaoingia kwenye simu vimekaribiana mno. Hii haitengenezwi. Nimemkatia waya ili asishawishike kuirudia.

Saa 9:30. Shemeji amepiga: rimoti imeota unga mweupe. Alichanganya betri mpya na kuukuu. Ile dhaifu huisha kwanza, mpya huendelea kuisukuma mpaka inavuja. Ule unga unawasha ngozi, kwa hiyo avae glavu, afute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha akaushe.

Saa 1 usiku. Nyumbani. Mizani ya jikoni iko sakafuni, kifuniko cha betri hakipo, na binti yangu wa miaka miwili amekaa pembeni. Inatumia betri mbili za duara, kama sarafu. Nimeona moja.

Sikumuuliza mtu. Nimemfungua viganja, nikamchungulia mdomoni, nikapiga magoti. Betri ile ikikwama kooni, mate hukamilisha njia ya umeme, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza nyama vibaya. Hata iliyoshindwa kuwasha mizani bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Mke wangu alikuwa ameshachukua mtandio. Tusingeiona, tungekwenda hospitali kupigwa eksirei hapo hapo, bila kungoja mtoto akohoe.

Ilikuwa chini ya zulia. Nimezifunga zote mbili kwa utepe, pande zote, nikaziweka juu ya kabati. Mizani nayo imepanda huko huko mpaka nipate kifuniko chenye skrubu. Fundi mzima, kopo la mchanga kazini, na jikoni kwangu mizani iko wazi.

Saa 4 usiku. Simu ya mwanangu inachaji sebuleni, juu ya meza tupu, asilimia 61. Bado amenuna.