Nilivyopata Gunship yangu bila kungoja seti mpya

Anayekusanya Lego za Star Wars, yaani vipande vya plastiki vya kuunga vyombo vya filamu hizo za anga, anaishi kwa namba za seti za tarakimu tano. Miezi mingi kabla seti haijatoka, tetesi huleta namba inayoanza na 75, idadi ya vipande na bei. Picha hakuna, jina la kubahatisha. Watu wanaanza kuiunga vichwani mwao: kwa vipande vile na bei ile, lazima kiwe chombo fulani, vijitu, wale watu wadogo wa Lego, havitapungua vinane, na safari hii kamanda fulani hawezi kukosa. Siku picha inapovuja, kilio kila kona.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Hamburg, na kwa miaka kadhaa nilikuwa katika matanga hayo. Nilikuwa na haja moja tu: Republic Gunship, kile chombo cha kushushia askari kloni (askari walionakiliwa kutoka mtu mmoja) vitani, kiwe na ukubwa unaolingana na vijitu vyenyewe ili viweze kupanda, kushuka na kuning'inia mlangoni. Nimeshakipata. Naeleza njia niliyopita kwa sababu haikupitia kwenye seti mpya hata kidogo, na wapo wengi wanaongoja kitu kile kile.

Kiu hii ina historia. Lego za Star Wars zilianza 1999, na Gunship ya kwanza ikatoka 2002, vipande 693. Ikaja ya pili 2008, namba 7676, vipande 1,034, halafu ya tatu 2013, namba 75021, vipande 1,175. Tukazoea kwamba kila baada ya miaka mitano sita zamu yake inafika. Kisha ikaletwa kura. Mashabiki walipewa vyombo vitatu wachague kimoja kiingizwe kwenye safu ya seti kubwa za watu wazima, Ultimate Collector Series: Gunship, TIE Bomber, au meli ya Nebulon-B. Gunship ikashinda. Agosti 2021 ikaingia madukani kwa namba 75309, vipande 3,292, euro 349.99.

Furaha haikudumu, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Kijitu cha Lego kina kimo cha sentimita nne. Ukikichukulia kuwa ni mtu wa mita 1.75, umempunguza kama mara 44. Gunship ya kwenye hadithi ina urefu wa mita 17 na kitu. Ipunguze kwa kiasi hicho hicho, unapata sentimita 40. Ile ya 2021 ina sentimita 68. Askari ukimsimamisha mlangoni anafanana na mtoto aliyedandia lori la mchanga. Na askari mwenyewe yuko mmoja tu, kamanda, pamoja na Mace Windu, mmoja wa majemadari wao. Chombo cha kubeba kikosi kimekuja bila kikosi! Kama pambo la juu ya kabati ni kazi nzuri, sikatai, mabawa yanafika sentimita 74 na ukikitazama kwa mbali kinavutia kweli. Ila mimi nilitaka cha kupakia watu.

Mwaka 2023 matumaini yakafufuka. Kwanza ilikuja Coruscant Guard Gunship, namba 75354, vipande 1,083, na Kamanda Fox ndani yake. Ukubwa unaofaa, vijitu vizuri, lakini ni ya walinzi wa mji mkuu. Oktoba ikaja meli ya Venator, vipande 5,374, euro 649.99, na humo ndimo alimowekwa Kapteni Rex, kiongozi wa askari kloni, ambaye watu walikuwa wanamlilia miaka nenda miaka rudi. Walanguzi hawakulala. Walifungua maboksi, wakamtoa Rex, wakamuuza peke yake kwa bei ya kuchekesha, na watu wakanunua. Januari 2024 Rex akatoka tena, mara hii ndani ya kiboksi cha Y-wing ndogo, namba 75391, chini ya euro 20.

Hiyo ya Rex ndiyo iliyonisimamisha. Nilijiuliza, hivi kama naweza kumngoja kapteni miaka yote hiyo halafu akaja kwa njia mbili ndani ya msimu mmoja, moja ya kitajiri na moja ya kimaskini, mimi nangoja nini hasa? Maelekezo ya kuunga 7676, ile Gunship ya 2008, yapo kwenye tovuti ya Lego wenyewe, bure, kurasa zote. Vipande vyake vimetapakaa Ulaya nzima. Kilichopungua ni mtu wa kuvikusanya.

Nikaanza na kanuni moja ya pesa: euro 40 kwa mwezi, zikiisha zimeisha. Kanuni ya pili ilikuwa ngumu zaidi: chombo kimoja tu. Ukishaingia kwenye Lego za mtumba utaona AT-TE, gari la vita la kutembea, isiyo na miguu, utaona ndege ya X-wing ya bei ya kutupa, na shetani atakuambia chukua, utaimalizia baadaye. Nilikuwa nafunga simu na kuiweka mbali.

Boksi langu la kwanza nililipata soko la mitumba la Jumapili. Mama mmoja alikuwa anauza vitu vya mwanawe aliyehama nyumbani, na chini ya meza kulikuwa na sanduku la Lego zilizochanganyika na karata na magari ya chuma. Niliona vipande bapa vya rangi nyekundu ya kiza na upande mzima wa bawa la Gunship ukiwa bado umeungana. Moyo ulinipasuka, lakini uso nikaufanya wa mtu anayetafuta zawadi ya mtoto. Kwetu Tanga hilo tunalijua tangu utotoni: muuzaji akiona macho yanang'aa, bei inapanda. Nikalibeba lote.

Kazi ya kwanza ni kuchambua, na hapa kuna mtego ambao anayeanza hauoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lego walibadilisha rangi ya kijivu. Ya zamani ina umanjano kwa mbali, mpya inaelekea buluu. Usiku chini ya taa zinafanana kabisa. Asubuhi dirishani unagundua umejenga mgongo wa chombo wenye mabaka. Kwa hiyo kijivu nachambua mchana tu, kwenye mwanga wa dirisha, na kwa majira ya baridi ya Hamburg hiyo ni saa chache mno.

Kisha unaosha: maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni kidogo, unatandaza kwenye taulo. Vilivyogeuka njano kwa kupigwa na jua vina dawa yake. Nilinunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia tatu duka la dawa, nikavitumbukiza kwenye bakuli la kioo, nikaliweka barazani penye jua. Baada ya muda mapovu madogo yanashika kila kipande, yanakinyanyua, na upande unaobaki nje ya dawa haubadiliki. Inabidi ukae hapo na glavu, uvigeuze kimoja kimoja au uvigandamize na sahani. Vyenye michoro usiviweke. Mke wangu akapita akanusa, akaniambia, "Baba Salma, hizo dawa za kuchubulia nywele leo unamsuka nani?" Sikuwa na jibu la maana. Siku ya pili kijivu kilirudi kuwa kijivu.

Pigo lililoniuma ni ile nyekundu ya kiza. Plastiki ya rangi hiyo, pamoja na kahawia, kwa seti za miaka ile ina ugonjwa unaojulikana na kila mkusanyaji: inakauka na kuwa dhaifu kama haikuwahi kuwa Lego. Unachukua kipande bapa, unakibana kwenye vinundu, unasikia "tik" ndogo, unadhani kimeingia. Ukikigeuza unaona ufa mwembamba umepita ubavuni. Nilikuwa nikivishika kwa ncha za vidole na bado vilikatika. Mwishoni nikaacha kuvipigania. Kijivu na cheupe nanunua cha mtumba bila wasiwasi. Nyekundu ya kiza nachukua vilivyotoka kiwandani miaka ya karibuni, ambavyo vinavumilia zaidi, hata kama bei ni mara mbili. Hili ningemwambia yeyote anayetaka kufufua seti ya 2008: bajeti yako itaishia kwenye rangi hiyo.

Orodha ya vilivyopungua niliipata Rebrickable, tovuti ya orodha za vipande vya Lego. Unaingiza ulivyo navyo, inakutolea usivyo navyo, kisha orodha unaipeleka BrickLink, soko la vipande lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na Lego wenyewe 2019. Pale unaona kila kipande kimeuzwa kwa wastani gani katika miezi sita iliyopita, kwa hiyo mtu hawezi kukupiga bei ya mjini. Kosa linalowamaliza wengi ni kufuata senti. Kipande hiki kwa muuzaji wa Uholanzi, kile kwa wa Poland, vingine viwili kwa wa Uhispania, halafu nauli za posta zinazidi thamani ya mzigo. Mimi nilitafuta duka lenye sehemu kubwa ya orodha yangu hata kama kila kipande kimezidi senti mbili tatu, nikachukua humo vyote.

Vijitu ni habari nyingine kabisa. Askari kloni wana bei kuliko chombo chao. Seti ya Kikosi cha 501 ya mwaka 2020, namba 75280, ilileta askari wanne kwa euro 29.99, na watu waliinunua kwa rundo, wengine wa kujengea majeshi, wengine wa kuficha stoo mpaka ipande. Mimi wawili watatu niliwapata kwa bei ya haki. Kisha nikajaribu muuzaji mmoja aliyekuwa na bei nzuri kupita kiasi. Walipofika, rangi safi, michoro safi, lakini nilipovua kichwa na kutazama shingoni kwa kioo cha kukuzia, jina la Lego halikuwepo. Feki. Alirudisha pesa baada ya maneno mengi. Sasa naomba picha ya shingo kabla ya kulipa, na muuzaji akichukia ombi hilo basi nimeshapata jibu.

Chombo kikakamilika. Sikuhesabu kila senti, lakini gharama yote pamoja na askari haikufika nusu ya bei ya Venator. Stika za zamani zilikuwa zimepasuka zote, nikaviacha vipande vitupu. Kwa kweli napenda hivyo, maana stika kwenye seti ya bei mbaya ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Milango ya ubavuni nikaibadilisha kidogo ili askari wakae wawili wawili. Salma anawashusha na kuwapandisha kila siku, na kwa kuwa kila kipande najua kilikotoka na ninapoweza kupata kingine, sina sababu ya kumfokea.

Tetesi bado nazisoma. Mwaka 2025 zilipokuja za Death Star mpya, kile kituo cha vita cha angani chenye umbo la mpira, namba 75419, nilizifuata kama wengine: vipande 9,023, vijitu 38, euro 999.99. Picha zilipotoka likawa soga la dunia nzima, kwamba mbona si duara, mbona ni kipande cha duara kilichokatwa kama kwa kisu. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Ile ya 2008 yenye vipande 3,803 nayo ilikuwa vyumba vilivyo wazi, haikuwa mpira uliofungwa, na watu waliipenda. Tatizo ni kwamba bei inapokaribia elfu moja, kila mtu anadai ile aliyoiota. Mdogo wangu wa Tanga nilipomtumia picha na bei, akaipiga kwa shilingi, karibu milioni tatu, akanijibu: "Kaka, hiyo si bodaboda mpya kabisa?" Ndiyo hiyo hiyo. Nilienda kuiangalia dukani, nikaizunguka, nikahesabu vyumba, nikaondoka zangu.

Ninachokitazama siku hizi kwenye seti mpya ni orodha ya vipande. Ikitoka seti yenye nyekundu ya kiza kwa wingi, najua baada ya miezi michache wauzaji wataifungua na bei ya vipande hivyo itashuka BrickLink, na hapo ndipo ninanunua. Gunship ya pili ipo mezani, nusu. Imebaki kioo cha rubani. Muuzaji wa hapa Ujerumani anataka pesa nyingi kwa chenye mikwaruzo, nimemwandikia mwingine wa Poland, nangoja picha zake.