Nyonga ya kulia ilikuwa sajilini, ya kushoto niliitafuta mwenyewe

Mwaka jana daktari wangu wa mifupa aliibandika picha yangu ya eksirei kwenye taa, akazungushia kalamu sehemu moja, kisha akaniuliza: "Mama, hii nyonga ya bandia ni ya aina gani?" Nikamwambia niliwekewa Uingereza mwaka 2008, nilipokuwa nafanya kazi ya kulea wazee kule. Akasema, "Nchi nimeisikia. Mimi nataka kampuni, saizi na namba."

Sikuwa na hata kimoja. Nina nyonga mbili za bandia, ya kulia ya huko Uingereza na ya kushoto niliyowekewa hapahapa Dar mwaka 2016. Hospitali ya hapa siitaji. Iliyoanza kuuma ni ya kulia, kwanza nikipandisha mguu kwenye daladala, baadaye hata nikigeuka kitandani. Karatasi zangu zote za Uingereza ziliondoka na maji ya mvua za Aprili 2018, wakati nakaa Kigogo.

Daktari alinionyesha kwenye picha. Kile kichwa cha duara kilitakiwa kikae katikati ya kikombe, lakini kilikuwa kimepanda upande wa juu, kama chungwa lililoegemea ukingo wa bakuli. Maana yake plastiki iliyo katikati imelika. Na vumbi la plastiki likizidi, mwili hupambana nalo mpaka mfupa wa jirani nao unaanza kuliwa. Akaniambia kwamba akiijua nyonga yenyewe anaweza kubadilisha plastiki na kichwa tu, shina lililomo ndani ya paja likabaki lilivyo. Asipoijua itabidi ajiandae kung'oa vyote, na shina lililoshikwa na saruji ya mifupa halitoki kirahisi. Pengine ni kuupasua mfupa wa paja urefu wa kiganja kizima. Nina miaka 67. Nilishuka ngazi za kliniki nikiwaza kitu kimoja tu: hizo namba nitazipata wapi?

Ushauri niliopewa wiki zile bado unaniudhi. Shemeji yangu alisema picha inatosha, daktari mzuri anaijua nyonga kwa kuitazama. Jirani akasema wakishafungua wataona. Wataona nini, wakati vifaa vya kubadilisha vinatakiwa viwe vimeshafika mezani kabla ya kufungua? Kila kampuni ina vya kwake. Huwezi kumpasua mtu ndiyo uanze kupiga simu Nairobi kuulizia plastiki.

Aliyenipoteza kabisa ni kijana wa duka la vifaa tiba nililoelekezwa Kariakoo. Alinipokea vizuri, shikamoo mama yangu, kiti, maji ya chupa. Nikampa picha. Akaitoa kwenye bahasha, akaiinua dirishani kuelekea jua la saa sita, akafumba jicho moja. Hakuuliza niliwekewa wapi wala mwaka gani. Akasema, "Hii ni kumi na mbili kumi na nne. Kichwa chochote kinaingia." Akafungua kabati, akatoa boksi dogo jeupe lililofungwa vizuri, akaniwekea mkononi nihisi uzito. Nakiri kwamba lile boksi lilinifariji. Baada ya siku nyingi za kuambiwa haiwezekani, nilikuwa nimeshika kitu. Nikaacha rehani ya laki tano na kitu, nikapanda bajaji mpaka kwa daktari kumpa habari njema.

Daktari aliisoma risiti, akairudisha mezani polepole. Akachukua kalamu yake ya wino na kifuniko cha kalamu nyingine, akajaribu kuvifunga. Kifuniko kiliingia, kikacheza. "Umeona? Kimeingia," akasema, "lakini hakijashika." Akanieleza kwamba ncha ya shina inayobeba kichwa imechongwa kama koni, na vipimo vya koni vinatofautiana baina ya kampuni na kampuni. Hata wanaotumia jina hilohilo la 12/14, alilolitaja yule kijana, hawalingani sawasawa. Kichwa kisicho chake kinaweza kusagika pale shingoni, kikatoa kutu na vumbi la chuma, au siku moja kikachomoka. Na koni hiyo huwezi kuipima kwa kutazama picha dirishani. Rehani yangu nilikuja kurudishiwa baada ya kwenda mara tatu, ikiwa imepungua elfu hamsini.

Wiki hiyohiyo, kwenye kundi letu la WhatsApp la wanakwaya, dada mmoja akatuma habari za nyonga za chuma kwa chuma zinazotia sumu kwenye damu, akaandika jina langu: huyu ni wa 2008, ndizo zenyewe. Sikulala. Nikasoma mwenyewe mpaka alfajiri, na jambo lenyewe ni la kweli, ila halikumhusu kila mtu. Ilikuwepo nyonga iitwayo ASR, ambayo kichwa cha chuma kilisuguana na kikombe cha chuma, na madini ya kobalti na kromiamu yakaingia kwenye damu za watu. Iliondolewa sokoni duniani mwezi Agosti 2010, wakati watu wapatao 93,000 wameshawekewa. Nilipofika hapo nikauliza, nani aligundua? Jibu ndilo lililonifungulia njia. Sajili ya taifa ya Australia, yaani daftari la nchi nzima la viungo bandia, ndiyo iliyotangulia kuonyesha kwamba nyonga hizo zinarudiwa kupasuliwa kuliko nyingine, na sajili ya Uingereza ikaona hivyohivyo. Daktari mmoja mwenye wagonjwa wake thelathini hawezi kuliona jambo hilo. Atadhani ni bahati mbaya ya huyu na ya yule. Linaonekana pale nyonga za nchi nzima zinapoandikwa kwenye daftari moja, aina kwa aina.

Nikakumbuka! Asubuhi ya upasuaji wangu wa 2008 muuguzi alinipa karatasi ya pili baada ya ile ya kukubali kupasuliwa. Akasema hii ni ya sajili ya taifa, ukikubali jina lako na nyonga yako vitaandikwa, usipokubali jina lako halitawekwa. Nilisaini haraka kwa sababu nilikuwa na baridi na nilitaka yaishe. Ile saini ndiyo iliyokuja kuniokoa miaka mingi baadaye. Ukipewa karatasi ya namna hiyo popote utakapotibiwa, saini.

Kwanza, hata hivyo, niliandikia hospitali yenyewe. Wakanijibu kwa heshima kwamba faili langu limeshateketezwa. Kule faili la mgonjwa mtu mzima kwa kawaida hutunzwa miaka 8 tangu tiba ya mwisho, na mimi muda wangu ulikuwa umepita. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Lakini sajili si faili la hospitali. Imekuwepo tangu 2003, wenyewe huiita NJR (National Joint Registry, yaani sajili ya taifa ya viungo), nayo haitupi, kwa kuwa kazi yake ni kufuatilia nyonga na magoti kwa miaka mingi, mpaka ijulikane kipi kimedumu na kipi kimeharibika.

Mgonjwa ana haki ya kuomba kinachohifadhiwa juu yake. Hakuna ada, na sheria yao inawapa mwezi mmoja wa kujibu. Shida yangu ilikuwa jina. Mwaka 2008 nilikuwa natumia jina la mume, leo natumia la baba. Nilituma nakala ya pasipoti ya zamani na ya sasa, hati ya kubadili jina, anwani niliyokaa kule na msimbo wake wa posta. Na nikatuma kitu ambacho mdogo wangu alikipata ndani ya kitabu cha nyimbo cha marehemu mama: kadi ndogo ya miadi ya fizio, imefifia, ina doa la chai, lakini juu kulia namba yangu ya mgonjwa ya tarakimu 10 inasomeka yote. Mama ndiye alikuwa ameifanya alamisho ya ukurasa, nilipompelekea kitabu hicho likizo moja. Nilikaa na ile kadi mkononi muda mrefu.

Jibu lilikuja kwa baruapepe kabla mwezi haujaisha. Tarehe ya upasuaji, upande wa kulia, sababu, kisha sehemu nne na kila moja na kampuni yake, namba ya katalogi na namba ya toleo: kikombe cha chuma, plastiki ya ndani, kichwa cha milimita 28, na shina la kuwekwa kwa saruji. Kichwa kinasuguana na plastiki, si chuma kwa chuma. Nililia. Nikamtumia yule dada wa kwaya, naye akaniomba radhi, yameisha.

Daktari alipotafuta ile namba ya katalogi alikuta kwamba koni ya shina langu si 12/14 kabisa. Ni ya kampuni hiyo peke yake. Yule kijana wa Kariakoo angenifungia kichwa cha mwenzangu.

Tangu hapo nimekuwa nasoma habari za sajili hizi kila nipatapo nafasi. Waswidi walianza na magoti mwaka 1975, nyonga zikafuata 1979. Uingereza ilichelewa mpaka ilipoumia. Mwaka 1998 ilitolewa tahadhari juu ya nyonga fulani iliyokuwa ikilegea mapema, na hospitali zikahangaika kuwatafuta waliowekewa kwa kupekua makabati, kwa sababu hapakuwa na orodha moja. Na anayesema haya ni mambo ya matajiri nitamtajia Malawi, jirani zetu hapo ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Sajili yao ya taifa ya viungo bandia ilianzishwa 2005 na madaktari wao wa mifupa. Wagonjwa wao ni wachache, wengine wanatoka vijijini mbali, na bado waliamua kuandika.

Kingine kinachoniuma ni hili. Wanawake ninaofanya nao mazoezi wanaambiwa, usikubali nyonga ya bandia, inaisha miaka kumi. Wanavumilia maumivu, wanatembea kwa kujikokota, mpaka misuli inasinyaa. Utafiti uliochapishwa 2019, uliotumia sajili za Australia na Finland, ulionyesha kwamba nyonga kama 58 katika kila 100 hufika miaka 25. Magoti ni 82. Takwimu hizo zisingepatikana bila watu kuandikwa.

Sasa ile ya kushoto. Niliapa sitasubiri iume. Nikaenda kwenye hospitali niliyowekewa 2016, wakaniambia mfumo umebadilika, mafaili ya zamani hayaonekani. Nikaja tena, jibu lilelile. Safari ya tatu sikuulizia faili. Niliulizia daftari la thieta, lile kubwa la jalada gumu ambalo sista wa zamu huandika kila mgonjwa aliyeingia kupasuliwa. Kazi ya kulea wazee ilinifunza kwamba faili husafiri, daftari la chumba halitoki chumbani. Tarehe nilikuwa nayo kichwani, ilikuwa Ijumaa, kesho yake tulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu na mimi sikuhudhuria.

Sista mkuu alinitazama, akasema, "Mama, keti hapa." Akarudi na daftari lenye vumbi. Tukapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka tukaliona jina langu, na pembeni yake stika tatu za vifaa nilivyowekewa zimebandikwa. Moja ilikuwa imebanduka nusu, tarakimu za mwisho za toleo hazipo. Nikapiga picha kwa simu mara sita. Ile namba iliyokatika niliipata bima, kwenye nakala ya ankara waliyolipa, maana muuzaji alikuwa ameandika kila kipande na namba yake ili alipwe. Kwa hiyo usipopata hospitali, mfuate aliyelipa.

Nilipasuliwa upande wa kulia mwezi wa pili. Waliweka plastiki mpya na kichwa kipya, shina halikuguswa. Siku ya pili nilisimama, ya tano nilikuwa nyumbani. Gharama yote na vifaa vya kuagiza haikupungua milioni kumi na kitu, bima ikabeba sehemu. Usiku wa kuamkia upasuaji nilimwambia sista wa thieta: stika mbili zibandikwe kwenye faili, mbili nipewe mimi. Nilipozinduka niliziulizia kabla ya maji.

Kwenye sajili ya Uingereza nyonga yangu ya kulia bado inasomeka ni ileile ya 2008, haijarudiwa, kwa kuwa wao huandika upasuaji uliofanyika kwao. Marudio ya Dar nimeyaandika mwenyewe, kwenye daftari la kurasa mia mbili: tarehe, upande, jina la daktari, na zile stika mbili nimezifunika kwa selotepu zisibanduke. Binti yangu anajua liko droo gani, na picha za kurasa zote ninazo kwenye simu yake na yangu.