Mstari mmoja, jioni tatu

Imeingia! Saa nne kasoro usiku, hapa Ntinda, Kampala, mashine ya Mbale imenifungulia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa kuandika amri) bila kuniuliza chochote. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Tuko watatu, tunatunza mashine saba kwa mbali: Mbale, Jinja na Arua. Orodha ya mashine iko kwenye Git (hifadhi ya mafaili ya pamoja), ya wote. Jina la kuingilia na ufunguo (faili la siri badala ya nenosiri), kila mtu na vyake. Manenosiri yaliyozagaa kwenye grupu la WhatsApp tumeshayabadilisha. WireGuard, njia yetu ya siri inayounganisha mashine kupitia intaneti, nayo imetulia tangu niweke PersistentKeepalive 25 (ibishe hodi kila sekunde 25), maana modemu za laini ya simu zilikuwa zikilala zikisahau njia.

Kilichonitesa ni faili langu la mipangilio ya SSH. Juu kabisa niliweka Include, mstari wa kuvuta orodha ya pamoja, chini yake User, yaani jina langu la kuingilia. Kila nikiunganisha: Permission denied, nimekataliwa. Nikitaja jina kwenye amri yenyewe, naingia. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini wapi! Nikalaumu ufunguo. Nikatengeneza mwingine wa aina ya ed25519, nikakaza ruhusa za faili lake hadi 600 (mimi tu nisome na kuandika), nikamwamsha mwenzangu wa Arua akague seva. "Ndugu yangu, huku hakuna kibaya, angalia kwako." Nikanuna.

Leo nikakumbuka amri ya ssh -G. Haiunganishi popote, inakumwagia tu mipangilio itakayotumika. User: wageni. Wageni! Kuna mtu (anajijua) aliandika Host *, yaani mashine zote, na User wageni chini yake, kwenye orodha ya pamoja. Na SSH hushika thamani inayoikuta kwanza. Ya pili haitazami hata kidogo. Mimi nimezoea la mwisho kufuta la kwanza.

Basi nikaishusha Include mwisho wa faili. Ikaangukia ndani ya Host ya kompyuta yangu ya nyumbani, ikawa inasomwa kwa hiyo moja tu, mashine zote saba zikatoweka! Mahali pake ni chini ya User, juu ya Host ya kwanza.

Mnaonishauri programu zenye vitufe na picha, asanteni, ila hapa Uganda bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na maandishi matupu hayali data nyingi.

Wiki hii nilipanga kuificha Windows ya Jinja, mlango 3389 (wa kuiingilia kwa mbali), nyuma ya WireGuard. Itasubiri kidogo: nimegundua ssh-keygen, programu ya kutengeneza funguo, inaweza kusaini funguo zetu na kuzipa cheti kinachokufa baada ya muda wa saa nane, na tayari nimefungua folda mpya.